Gundi Iliyoepuliwa Mbichi

Kila akitoka shuleni, Chiriku alivua sare, akajifunga kitambaa kichwani na kuingia bandani. Mama alichekecha vumbi la makaa ya mawe, akalichanganya na unga wa mbao. Shangazi alishindilia mchanganyiko kwenye kalibu, akatoa vitofali vyeusi. Kazi ya Chiriku ilikuwa kupika gundi ya wanga ya kuvishikamanisha, akiikoroga mpaka ing'ae. Vikishakauka, fundi chuma alivichoma katika tanuri lililozibwa hewa, vikawa koki, yale makaa magumu ya kuyeyushia chuma.

Ijumaa moja wenzake walimpigia mluzi nje. Gundi ilikuwa bado nyeupe. Chiriku aliiepua hivyo hivyo, akakimbilia mchezoni.

Wiki iliyofuata fundi alikuja amekunja uso, akamwaga gunia mlangoni. Ulitoka unga mtupu.

"Koki gani hii, mama? Imesagika, imeziba njia ya hewa, chuma kimenigandia tanuruni! Sichukui tena mzigo wenu."

Mama alimgeukia Shangazi, ambaye tangu augue mkono wake mmoja ulikuwa ukitetemeka. "Wifi, siku hizi hushindilii."

"Labda," Shangazi alisema, akiutazama mkono. "Labda huu umeshakufa. Tafuteni mwingine." Akavua aproni, akaikunja taratibu.

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kusema kwake, alihisi ulimi mzito kama jiwe. Siku mbili Shangazi alilala ameuelekea ukuta, chakula hagusi. Siku ya tatu Chiriku alimpelekea chai, akashindwa kuondoka.

"Shangazi, si mkono wako. Mimi niliepua gundi mbichi."

Shangazi aligeuka kutoka ukutani. "Ukaniacha nijizike mzima?"

Mama alipoambiwa, alimpeleka Chiriku kwa fundi akiri mwenyewe. Fundi aliguna. "Chiriku gani huyu, analia mavuno yameshaliwa!" Hata hivyo alikubali kujaribu gunia moja. Safari hii Chiriku alikoroga mpaka viganja vikachubuka. Koki ilitoka ngumu, ukiigonga inalia. Fundi akaanza kuchukua mzigo tena.

Shangazi alirudi kwenye kalibu, lakini sasa kila kitofali alikikagua mara mbili, kama mtu asiyejiamini.

"Gundi mbichi tumepika nyingine," alimwambia Chiriku bila kuinua macho. "Kilichoniumiza ni kimya chako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mwanangu, kabla mwingine hajalibeba kosa lako akadhani ni lake."