Mashine ya Tarcisio Ina Kiu

Rahmah alichomoa waya wa kompyuta ikiwa imejaa mia kwa mia, akamimina chai, akaipuliza. Kabla hajaonja, kompyuta ikazima. Chai ilikuwa bado inaunguza ulimi.

Usiniambie betri mbovu. Betri mbovu tunazijua. Kampala ina betri mbovu nyingi, ukizipanga moja juu ya nyingine unapanda mpaka mwezini, na ukichoka kushuka unaita bodaboda. Lakini kompyuta hii ilikuwa ngumu kama sajini mstaafu. Jana yake tu ilikaa na chaji kutoka asubuhi mpaka watu wanatoka msikitini, na Rahmah ameichapia kadi za harusi za nusu ya Kasubi, na programu ya mazishi ya mzee mmoja aliyezaa mpaka wajukuu wake wanaoana kwa bahati mbaya.

Kilichobadilika ni kimoja. Usiku kompyuta ilishika wifi ya jirani ikafanya apdeti. Duara likazunguka, maandishi yakasema msizime, na asubuhi ikauliza kama iendelee. Aliyebonyeza ni Atoo, mtoto wake, aliyekuwa ameipakata. Atoo alikuwa na miaka minne, na alibonyeza kila kitu, hata pua za wageni.

Skrini ikaandika: Karibu tena, Tarcisio.

Hilo halikumshtua mtu. Tarcisio ndiye aliyekuwa mwenye kompyuta, kaka mkubwa wa Opoka, na Opoka ndiye mume wa Rahmah. Alikwenda Uarabuni kulinda visima vya mafuta jangwani, akafia huko. Mzigo wake ulirudi na jeneza. Jeneza likapelekwa kwao Kitgum kuzikwa, kompyuta ikabaki Kasubi. Opoka hakumzika kaka yake. Yeye pia ni mlinzi, anashika geti usiku, na bosi alimwambia maiti haina haraka lakini geti lina haraka. Tangu hapo jina la marehemu hakutaka lifutwe kwenye mashine.

"Kaka yangu nimfute na kidole?" alisema. "Mimi siwezi."

Sasa Rahmah akaifunga mashine kwenye kitambaa, akamwacha mtoto na baba yake, akaenda Mengo kwa Nashon.

Nashon ni fundi Mkenya mwenye mdomo. Akikutengenezea simu, anakutengenezea na ndoa yako.

"Nyabo, bibi yangu, hiyo ni apdeti tu," alisema kabla hata kitambaa hakijafunguliwa. "Apdeti inakula chaji kama mkwe. Kila mtu analia. Leta."

Akafungua skrubu, akatoa betri, akanyamaza. Nashon kunyamaza ni jambo la kuandikwa kwenye historia ya Mengo.

"Shika," akamwambia.

Rahmah akashika, akaiachia. Ilikuwa baridi ya chumba cha maiti.

"Betri ikiisha mbio hivi inachemka, unaweza kuchomea mahindi," Nashon alisema pole pole. "Hii imefanya kinyume. Sijaona."

Akaweka betri mpya, iliyojaa. Akageuka kufuta mikono, akageuka tena, imeisha. Na feni ya kompyuta ilikuwa bado inazunguka, bila umeme, inatoa harufu ya mchanga wa moto na viatu vya mtu aliyetembea jangwa zima bila soksi. Sauti yake haikuwa ya feni. Ilikuwa pumzi. Inavuta, inakwama kidogo kooni, inameza.

"Nani amekunywa soda yangu?" Nashon akauliza.

Chupa ilikuwa pembeni ya kompyuta. Tupu, kavu. Kifuniko hakijafunguliwa.

Hapo simu ya Rahmah ikalia. Alikuwa Opoka.

"Mama Atoo, rudi. Mtoto amekuwa baridi."

"Baridi namna gani?"

"Baridi. Namwita haitiki. Macho amefunga. Rudi tu."

Nashon, kwa woga, hakujua afanye nini na mikono yake, akachomeka waya wa kompyuta ukutani. Fundi akiogopa anachomeka kitu.

"Ngoja," Opoka akasema kwenye simu. "Ngoja. Amefungua macho."

Rahmah akatazama ule waya. Akautazama mpaka Nashon akamwambia nyabo, usifanye hivyo. Akauchomoa.

"Amefunga tena," sauti ya Opoka ikasema. "Mama Atoo, midomo inakuwa nyeupe."

Akauchomeka.

"Amefungua."

Basi. Kuanzia hapo Rahmah alijua, na hakuna mama anayetaka kujua kitu kama hicho. Mashine ikikosa umeme ilikuwa inamnywa mwanawe. Mengo na Kasubi si mlango kwa mlango, na haikujali umbali. Nashon alitoa betri ya lori, akaifunga nyaya, wakapanda bodaboda watatu na dereva, betri mapajani kwa fundi, kompyuta kifuani kwa mama, na betri ile inayowasha lori la tani kumi iliwafikisha mlangoni tu ikafa.

Wakaichomeka ukutani. Atoo akaomba chapati. Rahmah akaenda nyuma ya nyumba akalia ndani ya beseni ili mtoto asisikie.

Siku zilizofuata nyumba ile iliishi kwa ajili ya waya mmoja. Wewe unajua Yaka, ule umeme wa kulipia kwanza. Mita ya kina Opoka ilikimbia mpaka taa yake nyekundu ikachoka kuwaka. Redio iliuzwa, ikawa tokeni. Kitanda kiliuzwa, ikawa tokeni. Viatu vya Opoka vya kazini viliuzwa, akawa analinda geti kwa ndala, jitu refu hivi kwamba ndege wanaomba njia, limesimama na ndala za mkewe. Simu ikilala karibu na mashine iliamka imekufa. Ndoo ya maji ikiachwa chumbani, asubuhi ina vumbi. Na Atoo, hata waya ukiwa umechomekwa, alianza kukataa kunywa. Anashika kikombe, anatazama kompyuta, anakirudisha.

"Kunywa, mama yangu," Rahmah anambembeleza.

"Yeye kwanza," Atoo anasema.

Rahmah akamwita mjomba wake, Maalim Dawudi. Mzee mfupi, sauti ndogo, lakini majini ya Kasubi yakisikia kobazi zake yanahama na magodoro. Akasoma, na jagi la maji mbele yake. Maji yakashuka huku wote wanaona, mpaka jagi likabaki na alama ya chumvi chini. Mzee akafunga kitabu.

"Hili ni jini la njiani," alinong'ona. "Limedandia mzigo wa marehemu, kama mtu anavyodandia lori. Bado liko ndani ya mzigo. Nitakuja Ijumaa na wenzangu tulisomee, litoke. Mpaka hapo, umeme usikatike. Na msilikaribishe. Msiliite kwa jina. Jina lolote, mnanisikia?"

"Skrini inaandika jina la kaka yangu," Opoka akasema.

"Hata mwizi anavaa shati la mwenye nyumba."

Neno hilo lilimwingia Opoka, likakaa vibaya.

Alhamisi ikanyesha. Haikuwa mvua hiyo, mbingu ilikuwa imepasuka bomba. Jua likiwa linazama, adhana haijaisha, nguzo ikatoa cheche barabarani na Kasubi nzima ikawa giza.

Feni ya kompyuta haikuzima. Ikavuta pumzi.

Rahmah alimrukia mtoto akamkuta ameshakuwa baridi miguuni, akamfunika kwa kanga, akamfunika kwa blanketi, akamfunika kwa mwili wake mwenyewe, na baridi ikawa inapanda polepole kutoka vidoleni kwenda magotini kama maji yanavyopanda kwenye utambi, na kila feni inapovuta kifua cha mtoto kinashuka, na feni inapomeza shingo ya mtoto inacheza, na harufu ya mchanga wa moto ikajaa chumba mpaka meno yakawa yanasaga kitu ambacho hakipo, na Opoka alikuwa ameshatoka mvuani kuomba betri kwa majirani, betri ya gari, betri ya saa, betri ya chochote, akarudi mikono mitupu kwa sababu mtaani kote, kila nyumba aliyogonga, watu walikuwa wanatingisha simu zao na tochi zao wanashangaa zimekufa zote pamoja.

Akasimama mlangoni, maji yanamtoka nguoni.

"Ni Tarcisio," alisema.

"Opoka, hapana."

"Ni yeye. Hakukanyaga yai."

Kwao kina Opoka, Acholi, mtu aliyekaa mbali sana, vitani au jela au nchi za watu, haingii nyumbani hivi hivi. Anawekewa yai bichi mlangoni. Analikanyaga, uchafu wa huko unabaki nje, ndipo anaitwa jina lake, anapewa maji, anaingia. Asipokanyaga anakuwa wa njiani milele.

"Alirudi kwenye sanduku," Opoka alisema. "Mimi ndiye ndugu yake, sikuwepo. Nani alimwekea yai? Tumemweka kwenye meza, tumemchapia kadi za harusi. Amesimama mlangoni na kiu, Rahmah. Sasa anachukua anachopata."

"Dawudi amesema tusimwite."

"Dawudi hana kaka ndani hapa."

"Ile ni mashine. Ina miguu ya kukanyagia?"

"Nitamkanyagia mimi."

Angeweza kumzuia. Watu baadaye walisema hivyo, watu ambao watoto wao walikuwa wanacheza. Lakini wakati ule baridi ilikuwa imefika kiunoni kwa Atoo, na Ijumaa ilikuwa mbali kuliko Makka kwa miguu. Rahmah alitafuta gizani, akapata yai kwenye kikapu, akamnyooshea.

"Fanya haraka," alisema.

Opoka akalilaza yai kizingitini. Akatoa kompyuta nje, mvuani, akaigeuza uso kuelekea nyumba kama mgeni anayekuja, akaishusha juu ya yai kwa mikono miwili. Yai likapasuka.

"Tarcisio," akaita, na sauti yake ilikatika katikati. "Kaka yangu. Umetembea sana. Nisamehe sikuja. Ingia nyumbani. Maji yako yapo."

Feni ikanyamaza.

Ikabaki mvua tu. Kisha chumbani, chini ya blanketi, Atoo akakohoa.

"Ni moto," Rahmah alisema. "Opoka, miguu ni moto. Njoo ushike. Ni moto."

Mtoto akakaa. Mashavu yamejaa, macho yanang'aa mpaka yanatoboa giza. "Nataka maji," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu alipoanza kukataa kikombe. Rahmah alimimina kutoka jerikani huku anacheka na kulia, nusu ikimwagika, na Atoo akanywa, akanyoosha kikombe, akanywa, akanyoosha.

Opoka akaleta kompyuta ndani. Ilikuwa imewaka. Mia kwa mia, na waya uko ukutani peke yake. Akangoja ishuke. Haikushuka. Jina la Tarcisio halikuwepo tena kwenye skrini. Palikuwa pameandikwa kwamba hakuna mtumiaji. Akakaa sakafuni, jitu lile lote, akafunika uso kwa mikono, ndala za mkewe miguuni.

"Amepumzika," alisema. "Umeona? Alitaka kuitwa tu."

Simu yake mfukoni nayo ilikuwa imeamka, imejaa. Akampigia mama yake Kitgum, Mama Akidi. Alitaka mama awe wa kwanza kusikia. Akamweleza yote kwa mbio, mashine, mtoto, yai, jina.

Mama yake alimwacha amalize.

"Opoka," Mama Akidi akasema. "Yai la Tarcisio nilivunja mimi."

"Lini, Mama?"

"Siku alipoletwa. Niliwasimamisha wabebaji njiani, nikaliweka chini ya jeneza na mikono yangu. Nikamwita, nikamwagia maji. Mtoto wangu analala vizuri, sijamwota hata siku moja."

Opoka akatazama mlango. Ganda la yai lilikuwa pale kizingitini, limepasuka vipande viwili. Hakuna ute, hakuna kiini. Ndani ni kavu kama unga, na mvua yote ile inayolinyeshea haililoweshi.

"Mwanangu," sauti ya mama ikasema, ndogo sana sasa. "Umemwingiza nani ndani?"

Rahmah alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kikombe kitupu mkononi, anamtazama mwanawe. Jerikani lilikuwa limelala ubavu. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni jioni ile, na sasa ndani yake mchanga ulikuwa unasikika.

Atoo akateremka kwenye godoro, akaja, akaegemea mkono wa baba yake, ule wenye simu. Alikuwa na joto zuri.

"Baba," alisema. "Hakuna ingine?"

Simu ikawa baridi kiganjani mwa Opoka, na kabla mama yake hajamaliza kumwita, ikazima.