Jiwe Mkononi, Tochi Juu Yake

"Kitunguu kimoja kimeoza. Kitoe kabla ya saa sita."

Sauti ya mkuu wake kwenye simu ya upepo ikakatika.

Duan Yinzhi alisukuma kifaa kidogo ndani ya sikio, akakifunika kwa nywele, akaingia soko la mawe la Ruili, mji wa mpakani.

Saa nne na dakika hamsini asubuhi. Jua kali.

Mstari wa tatu, meza ya tisa. Mawe kumi na mawili yenye ganda la kahawia, kila moja kama kiazi kitamu kikubwa. Yote yalidaiwa kuwa na kito cha kijani cha thamani tumboni. Moja, ndilo kitunguu kilichooza, lilikuwa limepasuliwa, likachimbwa ndani, likagandishwa tena kwa gundi. Humo mlikuwa na kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha. Na katika kadi, majina manane ya watu wanaofanya kazi kwa siri ng'ambo ya mpaka.

Jina la tatu lilikuwa Nang Khuen.

Nang Khuen aliuza chai. Miaka miwili iliyopita Yinzhi alilala katika chumba cha nyuma cha kibanda chake, akitetemeka kwa malaria. Mama huyo alimlisha uji wa mchele kwa kijiko siku kumi na moja, bila kumuuliza jina lake la kweli.

Kadi ikivuka leo, Nang Khuen angekufa kabla ya jua kuzama.

Bastola ilibaki garini. Mlangoni walinzi humpapasa kila mtu. Alichoruhusiwa kuingia nacho ni tochi.

Aliitoa. Iliitwa Heihu Tisa. Bomba la alumini lenye uzito wa nyundo, mwanga wa kufika mita mia sita. Ofisa wa stoo ya idara ya usalama alimkabidhi kwa fahari. "Hii ikiwaka, ndege anaanguka," alisema.

Yinzhi aliielekeza kwenye jiwe la kwanza, akabonyeza.

Mwanga mweupe uligonga ganda ukarudi wote machoni mwake. Hakuona kitu.

Meza nzima ikacheka.

"Dada," alisema Kou San, mwenye meza, sigara ikiwa imening'inia mdomoni, "umepotelewa na nyati?"

"Mwache," jirani yake akadakia. "Anatafuta nyota mchana."

Masikio ya Yinzhi yaliwaka moto. Kifaa kikakoroma.

"Wanacheka nini?"

"Tochi."

"Ina nini?"

"Ina mwanga mno."

Mwisho wa mstari palikuwa na kibanda cha Shangazi He, muuza tochi. Yinzhi alifika akihema.

"Nipe ya kutazamia jiwe, shangazi. Haraka."

"Wenye haraka ndio wanaolipa karo ya wanangu." Mama huyo alichagua moja ndogo kama kidole gumba. "Mwanga wa njano. Mweupe unaidanganya rangi. Lakini hilo ni dogo. Tazama mdomo."

Aliubana mdomo wa tochi kwenye kiganja chake, akawasha. Kiganja kikawa chekundu kwa ndani. Pembeni haukuvuja hata mwale mmoja.

"Umeona? Ile uliyonayo inatupa mwanga. Hii inauingiza. Ukitembea na ya kutupa, utaona maganda mpaka uzeeke."

"Betri inadumu?"

"Nusu saa. Ikiwa na huruma, kidogo zaidi. Kwani nani anatazama jiwe moja nusu saa?"

Yinzhi alikuwa ameshaondoka.

Jiwe la kwanza. Mwanga ulitandaa ndani kama asali. La pili, hivyohivyo. La tano, vilevile.

La saba.

Mwanga uliingia upana wa kidole ukakoma ghafla. Pembeni mwake ulizunguka mstari mwembamba, wenye vipovu vidogo kama vya uji unaoanza kuchemka.

Gundi.

Alilinyanyua. "Nimelipata," alinong'ona.

"Sikiliza vizuri." Sauti ya mkuu wake, Qiu, ilikuwa ya mtu anayechagua maneno. "Kikosi kimekwama. Udongo umeporomoka barabarani. Dakika arobaini."

"Mpaka uko hatua mia tatu kutoka hapa."

"Najua. Mjumbe wa kulivusha ana watu wanne humo. Usimguse peke yako. Ni amri."

Mkono ukatokea mbele yake, ukasimama kabla ya kugusa jiwe.

Mwanamume wa shati la rangi ya limau. Picha yake Yinzhi aliikariri jana. Fei. Mjumbe.

"Ukimaliza, dada," alisema kwa upole.

"Bado."

Sokoni hapo jiwe halipitishwi mkono kwa mkono. Aliyelishika huliweka kitambaani kwanza, ndipo mwingine analiokota. Na maadamu tochi ya mtu iko juu ya jiwe, hakuna wa kumwingilia. Kou San akivunja mwiko huo mbele za watu, kesho hana meza. Fei akiuvunja, soko zima litamtazama. Fei hakutaka kutazamwa.

Basi Yinzhi alitazama jiwe.

Dakika tano. Kumi.

"Dada, unalitazama au unalisoma?" Kou San aliuliza. "Taja bei."

Alisogeza tochi kidogo. Akitaja bei, itakataliwa, maana jiwe lilishawekewa Fei. Ikikataliwa, lazima aweke chini.

Dakika kumi na nane. Mtu mmoja wa Fei alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kupumua shingoni mwake. Yinzhi alijua njia tatu za kuuvunja mkono wa mtu aliyesimama hapo. Hakuna hata moja iliyomfaa. Wengine watatu walikuwa karibu, na katikati yao palikuwa na bibi wanaouza tambi na watoto wanaocheza.

Fei alichuchumaa akawasha sigara. "Mkono umechoka," alisema.

"Jiwe zito."

"Basi lipumzishe."

Dakika ishirini na tano. Wapita njia walianza kusimama.

"Yule yuko hapo tangu nianze kula," alisema Mama Luo, mfanyabiashara mnene mwenye bakuli la tambi. "Nimekula mabakuli mawili."

"Ameona nini?" aliuliza mnunuzi mmoja, mtu wa mkoa wa Henan.

"Kijani, kaka. Kijani tele. Hujaona jasho hilo?"

Yinzhi hakuwasikia. Mwanga ulikuwa unapungua. Kutoka asali ukawa chai. Kutoka chai ukawa ncha ya sigara.

Ukazima.

Aliitikisa tochi. Aliigonga pajani. Akaingiza mkono mfukoni akatoa Heihu.

"Hapana," alisema Kou San. "Hiyo si ya kutazamia, wewe mwenyewe umeona. Weka chini, dada. Desturi ni desturi."

"Qiu," alinong'ona. "Muda?"

"Dakika tisa."

Tisa.

Alifikiria kukimbia. Aliyekuwa nyuma yake alishamkaribia zaidi, kama aliyesikia wazo hilo.

Yinzhi aliliweka jiwe juu ya kitambaa chekundu. Vidole vyake vilichelewa kuachia. Nisamehe, Nang Khuen, alisema moyoni. Nisamehe.

Fei aliinuka, akanyoosha mkono.

Mkono mwingine ukamtangulia.

"Zamu yangu," alisema Mama Luo, pilipili ingali midomoni.

"Mimi nilikuwa hapa kwanza," alisema Fei.

"Ulikuwa umechuchumaa. Mimi nilikuwa nimesimama."

"Mimi wa pili!" akapiga kelele mtu wa Henan.

"Wa pili wapi? Ulikuwa nyuma yangu!"

"Usinisukume, mzee!"

Yinzhi aligeuka. Hakujua walikuwa wengi kiasi hicho. Watu arobaini, pengine hamsini, kila mmoja na tochi yake ndogo ya njano. Mtu hutazama jiwe dakika tatu. Yeye alitazama zaidi ya nusu saa.

Kou San alifungua mdomo kusema kwamba jiwe lina mwenyewe. Akazitazama nyuso zile. Akaufunga.

Mama Luo aliubana mdomo wa tochi yake kwenye ganda.

"Mmh," alisema.

Neno hilo tu. Umati ukasogea, na watu wanne wa Fei wakajikuta nje ya duara, wakisukumwa na mabega ya akina mama.

Fei alimtazama Yinzhi. Sasa alielewa kwamba alikuwa akicheleweshwa. Naye hakuwa na la kufanya.

Magari mawili meupe yaliingia sokoni saa tano na dakika arobaini. Pingu zikalia mikononi mwa Fei na watu wake. Qiu alipasua umati, kitambulisho mkononi.

"Leta jiwe!"

"Sijamaliza," alisema mtu wa Henan bila kuinua kichwa. "Na nikimaliza nitaliweka kitambaani. Wewe nani?"

Qiu, mwenye nyota mbili begani, alisubiri.

Walilipasua palepale. Kadi ikatoka. Majina manane hayakuvuka.

"Umewazuiaje?" Qiu aliuliza.

"Sikuwazuia, mkuu."

Alishika njia ya kutokea, hatua za polepole, mikono mifukoni.

"Dada!" mtu wa Henan alimwita. "Muda wote ule, uliona nini mle ndani?"

Yinzhi hakugeuka.

"Mtu," alisema.