Shamba Moja la Mtama

Kila siku kabla jua halijachomoza, Mwaija alikuwa ameshapanda ulingoni, kombeo mkononi na madongo pembeni, akiwangoja ndege kweleakwelea. Walitua kwa makundi kwenye mtama wa mama yake, naye akawafukuza kwa makelele na madongo mpaka magharibi. Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha ardhi ngumu karibu na Mkata, iliyochoshwa na pamba waliyolazimishwa kulima na akida wa Mdachi. Baba yake alichukuliwa kwenda kutandika reli upande wa Korogwe, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika bila habari zake. Chakula chao chote kilikuwa kwenye shamba hilo.

Kijiji kizima kililima mahindi. Mtama, walisema, ni kutafuta ugomvi na ndege. Jirani yao, Mzee Kibwana, hakuficha chuki yake. Alimtangaza Chausiku, mama yake Mwaija, kuwa anafuga ndege wa nchi nzima. Mwaka uliopita mbuzi wake waliingia kwenye mihogo ya Chausiku, na tangu hapo hawakusalimiana. Na watu wazima wa Uzigua wakinyimana salamu, ujue wamechukiana hasa.

Binti yake Kibwana, Fatu, alimwita Mwaija "mke wa ndege". Siku moja alipita na wenzake wanne wakiliimba jina hilo. Mwaija aliona aibu, kisha hasira zikampanda. Akalitupa kombeo, akateremka bondeni, akajilaza kivulini mpaka alasiri. Aliporudi, nusu ya masuke yalikuwa matupu. Mabua yalisimama, punje hakuna.

Chausiku alikuwa nyumbani, mguu umefungwa dawa, kwa sababu jembe lilimkata na kidonda hakijapona. Aliuliza habari za shamba. Mwaija akajibu kwamba mbuzi wa Mzee Kibwana wamekula nusu. Uongo ulimtoka kirahisi, maana alijua utaaminiwa.

Asubuhi Chausiku alijikongoja na Mwaija hadi kwa jumbe, mkuu wa kijiji, na Kibwana akaitwa. Yalisemwa maneno mazito, na ya mihogo yakafukuliwa upya. Hakuna aliyekwenda kulitazama shamba; walitaka kugombana kuliko kujua. Mwishowe jumbe alichoka, akasema kesi itakwenda kwa akida. Kila mtu alijua kwa akida kuna nini: viboko ishirini na tano, mtu amelazwa kifudifudi mbele ya watu. Kibwana alikuwa mzee, mgongo wake mifupa mitupu. Mtumishi wa jumbe akaanza kumfunga mikono kwa kamba.

Mwaija alisogea mbele. Alimchukia mzee huyu, tena sana, lakini mikono ile ilikuwa inafungwa kwa maneno yake yeye.

"Mbuzi hawakuingia," alisema. "Niliacha ulingo, mama. Ni ndege. Twendeni mkaone."

Wakaenda. Jumbe aliyashika mabua, akaona majani hayakuguswa, na mbuzi hali punje akaacha majani. Akaamuru kamba ifunguliwe. Kibwana alijisugua mikono, akamkazia macho Mwaija.

"Ungeniacha nichapwe?"

"Nilikaribia kukuacha, mzee."

Hakuna aliyecheka wala kumsamehe. Chausiku alimrudisha ulingoni saa ile ile, na kwa siku nyingi hakumsemesha zaidi ya lililolazimu. Mwaija hakulia wala hakushuka. Akina Fatu walipita wakitukana, naye akaendelea kurusha madongo.

Mvua zilikatika mapema. Mahindi ya kijiji yalinyauka kabla magunzi hayajajaa punje. Mtama uliobaki, usiotaka maji mengi, ukakomaa, ukajaza vikapu vinne, na nyumba ya Chausiku ikapata ugali. Hapo ndipo Kibwana alipokuja, akasimama uani uso umekunjamana, akaomba mbegu.

Chausiku alimpimia pishi moja bila kutabasamu. Alimwambia wakilima mtama watu wote, ndege watagawanyika, na kila shamba litapoteza kidogo tu. Kibwana alizipokea mbegu, kisha akamgeukia Mwaija.

"Ndege nawajua, binti. Wanakula, wanashiba, wanaondoka. Uongo wako haukushiba. Ulianzia kwenye mtama, na kesho yake ulishafika mgongoni kwangu. Ukizembea kazi, sema nimezembea, siku hiyo hiyo, hata kama utapigwa."

"Ndiyo, mzee," alisema Mwaija.

Kibwana akaenda zake. Chausiku alikuwa hajapata kukubaliana naye kwa jambo lolote, lakini jioni hiyo, akisonga ugali, alimwambia bintiye kwamba maneno yale ni ya kweli na ayashike.