Baga Bila Mkate

Saa ya chakula cha mchana, duka lile la baga halikuwa na hata pa kuweka kiwiko. Mafuta yalinguruma kwenye makarai ya chipsi, kengele ya jikoni ililia bila kupumzika, na wateja walisimama wakiwa wamenuna kama watu wanaodaiwa. Kwenye mashine ya malipo alikuwepo dada mmoja mwenye kofia nyekundu na aproni iliyonyooshwa kwa pasi. Nywele zake zote zilikuwa ndani ya kofia, isipokuwa msuko mmoja uliokataa kutii.

"Anayefuata!"

Akasogea mwanamume mwenye shati la samawati na tai fupi. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimeng'arishwa mpaka taa za dukani zikajiona humo.

"Naomba baga moja. Bila mkate."

Dada akainua macho. "Bila kitunguu?"

"Bila mkate. Na chipsi usiniwekee. Soda pia sitaki."

"Sasa kaka yangu, hapo umenunua nini?"

Mstari mzima ukacheka. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akapaza sauti kutoka nyuma: "Mpe harufu tu aende zake! Wenzake tuna njaa!"

Yule mwanamume naye akacheka, kisha akainama kwenye kaunta. "Nina kisukari, dada. Daktari amenikataza wanga. Mkate, viazi, wali, vyote marufuku. Akaniambia na vyakula vya madukani niviache. Nikamuuliza, mimi nafundisha watu udereva kutwa nzima, mwanafunzi akishuka mwingine anapanda. Nikapike wapi, juu ya injini?"

Dada alitabasamu, akaingia jikoni mwenyewe. Akachukua vipande viwili vya nyama, yai, na jibini, akavifunga ndani ya majani mapana ya saladi kama mtu anayemfunika mtoto. Halafu, ili isiwe kavu, akamimina sosi ya kahawia yenye harufu ya moshi, ile ambayo duka lilijivunia kuliko kitu kingine chochote. Aliimimina kwa moyo, mpaka ikachuruzika pembeni.

"Hiyo ya juu ni zawadi yangu," alisema.

Mwanamume akauma. Akatulia kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Akamtazama yule dada, ambaye alikuwa anasubiri jibu huku amejishika kiuno.

"Vipi?"

"Tamu," alisema. "Tamu sana."

Kesho yake alirudi, na keshokutwa yake, na hata siku ya mvua kubwa alikuja na tai imelowa. Jikoni wakambatiza Bila Mkate. Yeye akamwita dada yule Kofia, na jina likashika.

Baadaye akaanza kumfundisha udereva jioni, baada ya kazi, katika gari dogo jeupe la shule yake. Gari hilo lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu. Kofia alipokuwa akiivamia kona kama mwizi, mguu wa kulia wa Bila Mkate ulikuwa umeshakanyaga.

"Umenikatili!" Kofia alilalamika. "Nilikuwa nakaribia kusimama."

"Ulikuwa unakaribia kusimama ndani ya duka la watu."

"Hivi ulizaliwa na breki wewe?"

"Ndiyo mshahara wangu, mpenzi. Kukanyagia wenzangu breki."

Usiku simu zao zilikuwa ndefu, maneno yenyewe ya bure.

"Umelala, Kofia wangu?"

"Nimelala. Anayeongea ni jirani."

"Basi jirani mwambie nampenda."

"Anasema kesho anakuwekea mayai mawili, na sosi mpaka ulie."

Hapo upande wa pili palikuwa na kimya kifupi kila mara. Kofia alidhani ni kimya cha mapenzi.

Kofia alijivunia baga ile kuliko vile alivyowahi kujivunia kazi yake. Maisha yake yote dukani aliambiwa kwamba anauza takataka. Sasa alikuwa na mgonjwa aliyekula mkononi mwake, bila mkate, bila kiazi, bila soda. Alimweleza kila aliyetaka kusikia: "Chakula cha haraka hakina kosa. Kosa ni kutojua cha kutoa." Na kweli, alichokitoa alikijua. Alichokiweka ndicho hakukiuliza.

Siku moja simu yake iliita, namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Kofia?" Sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Dada yake Bila Mkate wako. Anaishi kwangu."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mwanangu, unamlisha nini mdogo wangu? Kila akipima, sukari iko juu. Dawa anameza, wali kwangu hali, usiku anakula mchicha kama sungura. Kilichobaki ni hilo duka lako."

Kofia akapandisha sauti. "Dada, kwangu anakula nyama na majani. Labda mwangalie vizuri nyumbani. Sukari haipandi yenyewe kama mchwa."

"Unanifundisha kumtunza mtoto niliyembeba mgongoni?"

"Sikufundishi. Lakini mkono wangu ni safi."

Jioni ile kwenye gari Kofia hakuwasha injini.

"Unakula wapi?"

"Nakula kwako."

"Na wapi tena?"

"Kwako tu, Kofia."

"Basi sukari inapanda kwa ngazi gani? Nyama ina sukari? Jani lina sukari?" Akamgeukia. "Dada yako ananiita muuaji, wewe umekaa kimya kama mzigo. Kuna mwanamke anakupikia, sema tu. Sema nijue moja."

Bila Mkate alifungua mdomo. Alitazama msuko ule uliokataa kutii, akafunga mdomo tena.

"Hakuna mwanamke," alisema kwa chini.

"Muongo."

Akashuka, akabamiza mlango. Tangu hapo simu iliita, naye akaitazama ikiita. Alijiandikisha shule nyingine, akafanya mtihani wa barabarani, akapata leseni, na furaha yake ikakosa wa kuambiwa. Dukani, kila aliyevaa shati la samawati alimchoma, kisha akageuka na kuwa mtu mwingine.

Halafu ikaja ile asubuhi ya sisimizi.

Ilikuwa zamu yake ya kufungua. Alipowasha taa za stoo aliona mstari mweusi umetoka kwenye ufa wa sakafu. Ulipita kreti la mikate bila kugeuka. Ukapita gunia la viazi. Ukapanda ukuta wa ndoo kubwa ya sosi ya kahawia, ambayo mtu alikuwa ameiacha kifuniko wazi, na humo ndani sisimizi walikuwa wamejaa, wengine wamezama, wengine wakiendelea kula juu ya migongo ya wenzao.

Kofia alisimama na ufagio mkononi. Kisha akachovya kidole upande uliokuwa safi, akaweka ulimini. Alikuwa hajala kitu tangu aamke. Miaka yote aliionja sosi ile juu ya chipsi na chumvi, katikati ya moshi na pilipili, mpaka ulimi wake ukaizoea kama mtu anavyozoea harufu ya nyumba yake. Asubuhi hii ilikuja peke yake, bila moshi wa kujificha nyuma yake. Ilikuwa sukari. Sukari iliyopakwa rangi.

Akakaa sakafuni. Akakumbuka mkono wake ukimimina, kila mchana, mpaka inachuruzika.

Alipiga namba ya Bila Mkate. Ikapokewa na dada mtu.

"Dada, ni mimi. Ni sosi. Ni mimi niliyekuwa..."

"Mwanangu," sauti ile ilikatiza, nayo haikuwa na ugomvi tena, "njoo hospitali. Kiatu kipya kilimchubua. Hakusikia maumivu, akaendelea kufundisha mpaka kidonda kikaoza. Wameshaukata mguu."

Wodi ilinuka dawa ya kufulia na uji uliopoa. Bila Mkate alikuwa amelala chali, ndevu zimeota ovyo, shati la wagonjwa limempwaya. Chini ya shuka, upande wa kulia, kitanda kilikuwa tambarare mahali ambapo hakikupaswa kuwa tambarare.

Kofia hakusalimia. "Ilikuwa sosi," alisema. "Nilikuwa mimi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Tangu siku ya kwanza. Miguu ndiyo imekufa ganzi, Kofia, siyo ulimi."

Hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Ulijua? Ukala?"

"Ulikuwa unaimimina huku unacheka." Aliongea polepole, akitazama dari. "Tangu niugue, kila anayenipa chakula ananinyima kitu. Wewe peke yako ulikuwa unaniongezea. Nikasema, kesho nitamwambia. Kesho ikazaa kesho. Uliponiuliza kwenye gari, nikaona nikisema utajichukia. Afadhali unichukie mimi."

Kofia alipiga ukingo wa kitanda mpaka mgonjwa wa jirani akashtuka. "Ungesema neno moja! Ningekuwekea limau! Limau tu na pilipili, ungekula mpaka uzeeke!" Machozi yalimtiririka mpaka mdomoni. "Ulininyima nafasi ya kukupenda vizuri. Ukaniacha nigombane na dada yako. Ukaniacha niwe sumu yako, na mimi natabasamu."

"Ugonjwa ulianza kabla yako."

"Na mimi nikaupikia."

Nje ya mlango mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu, likilia mpaka mwisho wa korido.

"Nenda, Kofia," alisema baadaye. "Kazi yangu ilikuwa mguu huu. Tafuta mtu aliye mzima."

Akaenda, kwa sababu hakujua pa kukaa na hasira nyingi kiasi kile. Lakini siku Bila Mkate aliporuhusiwa kutoka hospitali, dada mtu alipiga simu. Mwenye shule ya udereva alikuwa ametoa gari dogo jeupe kwa mara ya mwisho, ila dereva hakuwepo.

Kofia alikuja amevaa gauni la kijani, bila kofia. Dada mtu akakaa nyuma na magongo yamelala mapajani mwake. Bila Mkate, kwa mazoea, akakaa pale pale pa mwalimu. Chini mbele yake palikuwa na breki yake, chuma chake kimelika katikati kwa kukanyagwa.

Kofia akashika usukani. Karibu na soko, mwanamke mwenye mwavuli akaingia barabarani bila kutazama. Paja la Bila Mkate liliruka. Kilichobaki cha mguu kikasukuma hewa, suruali iliyokunjwa ikatikisika juu ya breki, na breki haikushuka.

Gari lilisimama. Mwanamke akapita, akainua mkono kushukuru.

Bila Mkate alitazama chini muda mrefu. Kisha akalia waziwazi, jinsi ambavyo hakulia siku ile walipomkata. Dada mtu alimshika begani kutoka nyuma.

"Umekanyaga mwenyewe," alisema Bila Mkate alipopata sauti.

"Nimekanyaga."

"Basi huhitaji mwalimu."

"Sihitaji mwalimu." Kofia hakutoa macho barabarani. "Nahitaji mtu wa kukaa hapo."

Nyuma yao magari yalianza kupiga honi, moja, kisha mengi. Kofia akaingiza gia, akasogea taratibu hadi kwenye njia panda, ambapo kulia ni kwa dada mtu na kushoto ni kwa Kofia mwenyewe. Alisubiri. Alikuwa tayari kukunja kulia, na mikono ilikuwa imeshaanza kugeuza usukani.

"Kofia," alisema Bila Mkate, kwa ile sauti yake ya darasani, iliyochakaa lakini ndiyo ile ile.

"Abee."

"Ukitaka kwenda kushoto, washa taa kwanza."