Mifuko Iliyovimba

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumba yetu hugeuka kiwanda. Mama ni fundi cherehani, na siku za kazi hurudi jioni akiwa hoi, kwa hiyo hupika maharage na nyama ya wiki nzima kwa siku moja. Kazi yangu mimi ni kufunga. Tuna mashine ndogo ya kufyonza hewa. Unatia chakula kwenye mfuko wa plastiki, unaingiza mdomo wa mfuko kwenye mashine, unabana kifuniko. Inanguruma, inavuta hewa mpaka plastiki inagandamana na nyama, kisha inauziba mdomo kwa moto. Taa nyekundu ikizima, umemaliza.

Mama alinipa masharti matatu, akayarudia mpaka nikayachoka. Chakula kipoe kabisa. Mdomo wa mfuko ufutwe kwa kitambaa safi mpaka ukauke. Kisha mfuko uende kwenye friji papo hapo.

"Umefuta?" huniuliza kutoka uani akisugua sufuria.

"Nimefuta, Mama!" hujibu haraka, maana wenzangu huwa wananisubiri nje na kamba ya kuruka.

Mambo yalianza kuharibika alipokuja Mjomba. Ni mdogo wake Mama wa mwisho, seremala, mrefu, mwenye tumbo lisilojua kushiba. Alikuwa amepata majaribio ya wiki tatu kwenye karakana moja ya samani. Akifaulu, anaajiriwa. Hakuwa na pa kulala isipokuwa sebuleni kwetu.

Jumatano moja Mama alitoa mfuko wa nyama kwenye friji. Ulikuwa umelegea, hewa imejaa ndani.

"Nani kaufungua huu?" akauliza.

Nilimtazama Mjomba. Mjomba alitazama dari.

"Si mimi, dada," akasema.

Hee! Dari ina nini? Mimi kwa kushuku sijambo. Shuleni wananiita Askari Kanzu, tangu siku nilipomgundua aliyekuwa akificha ufagio wa darasa ili asifagie. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Kabla Mjomba hajaja, mifuko ililegea mmoja mmoja tu na hakuna aliyejali. Sasa ilikuwa mitatu kwa wiki.

Alhamisi niliamka alfajiri niliposikia mlango wa friji. Nikachungulia. Mjomba alikuwa amesimama pale na chupa, anakunywa maji. Maji tu, saa kumi na moja asubuhi? Sikuamini hata kidogo. Nilipomaliza kujiandaa kwa shule, nilienda kuhesabu mifuko. Yote ilikuwepo, lakini hilo halikunituliza. Nilijua wezi wenye akili huchukua kidogokidogo.

Ijumaa nilirudi mapema nikamkuta jikoni peke yake, ameiinamia mashine yetu. Aliponiona alishtuka, akaingiza kitu haraka kwenye begi lake.

"Mpwa wangu," akasema, "hivi mfuko ukishakatwa, mashine hii inaweza kuuziba tena?"

Jamani, angeniambia nini zaidi? Mama aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Nilimweleza yote: maji ya alfajiri, begi, swali la mfuko. Alinisikiliza akitikisa kichwa, na nikaona hajashawishika. Basi ulimi wangu ukaniponyoka. Nikasema, "Tena nimemwona kwa macho yangu akifungua mfuko wa nyama."

Hilo sikuliona. Lakini niliamini limetokea, nikaona kulisema si kosa kubwa.

Usiku ule Mama hakula. Alisema polepole, "Ndugu yangu, ungeniomba chakula ningekupa. Kufungua mifuko na kuirudisha imelegea, mwanangu augue? Kesho urudi nyumbani."

"Dada, majaribio yamebaki wiki moja tu."

"Ungelifikiria hilo mapema."

Mjomba alifungua begi akatoa mfuko bapa, umebanwa sawasawa. Ndani yake mlikuwa na vyeti vyake vya ufundi. "Hiki ndicho nilichofunga. Wiki iliyopita mvua ilinilowesha, cheti kimoja kikachakaa. Nilikata mfuko wako mmoja mtupu bila ruhusa, nikaona aibu kukwambia. Nyama siijui."

Mama alinitazama. "Ulimwona au hukumwona?"

"Nilimwona," nikajibu, nikiyatazama magoti yangu. Mjomba alianza kukunja nguo zake, na usingizi wangu ulikuwa wa shida.

Asubuhi jirani yetu muuguzi alikuja kuchukua sare yake iliyokuwa ikipanuliwa kiuno. Mama alikuwa jikoni. "Ameniudhi, lakini hataondoka kwangu na njaa," alisema, akatoa mfuko wa maharage. Ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu. Akachukua mkasi.

"Weka chini!" muuguzi akapiga kelele. "Usiufungue huo!"

Mama akauweka mezani. "Ni hewa tu. Huyu ndugu yangu anaifungua."

"Nani kasema?" Muuguzi aliuelekeza mfuko dirishani. "Umefungwa mara moja, na haujakatwa popote. Hakuna mtu aliyeufungua. Ulifungwa maharage yakiwa ya moto, vijidudu vikazaliana na kutoa gesi. Mashine hii inatoa hewa, haiui vijidudu. Na vipo vinavyopenda mahali pasipo hewa. Mngekula haya mngelazwa wote." Akatoa kwenye friji mfuko mmoja wa nyama uliolegea, akapitisha kidole pale ulipozibwa. "Huu nao una mafuta katikati ya mstari wa kuzibia. Plastiki yenye mafuta haishikani, hewa inarudi taratibu. Nani hufunga mifuko hapa?"

Mjomba alikuwa mlangoni, begi begani. Basi lake lilikuwa linaondoka baada ya nusu saa. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza ataondoka, Mama ataamini kuwa mashine ni mbovu, na mimi nitaendelea kuitwa Askari Kanzu.

"Ni mimi," nikasema, machozi yakanitoka. "Sifuti. Ninasema nimefuta, lakini sifuti. Tangu Mjomba aje tunapika zaidi, mifuko ni mingi, nikawa nafunga chakula kikiwa cha moto ili niwahi kamba. Na sikumwona akifungua chochote. Nilisema uongo, Mama. Jana nilisema uongo mara mbili."

Mama alikaa kwenye kigoda. Kisha akainuka, akaliondoa begi begani kwa Mjomba. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

Mjomba alivuta pumzi ndefu. "Nimekusamehe, dada. Na huyu mpelelezi wako nitamsamehe akishanifulia soksi za wiki mbili." Muuguzi alicheka. Mimi sikuweza.

Tulitupa mifuko yote saba bila kufungua hata mmoja. Mama alisafisha friji na mashine kwa maji ya moto, mimi nikafuta. Chakula cha jasho lake kilikwenda kwenye pipa, naye hakunikaripia, na hilo lilinichoma kuliko viboko. Mchana tulikula mkate na chai. Ndipo akaniita, akanishika mkono.

"Mwanangu," alisema, "kuwa macho si kosa. Lakini uliwakagua watu wote ila mikono yako mwenyewe. Kazi ukiifanya kwa haraka na kudanganya, itakuumbua tu, na chakula kilichofungwa vibaya kinaweza kuua. Chakula tulichotupa leo tutapika kingine kesho, na utafuta kila mdomo mbele ya macho yangu. Lakini ndugu yangu angepanda lile basi kwa neno lako la uongo, kazi yake ingekwisha, nami ningempata wapi tena wa kuniita dada?"