Mchezo Usio na Refa

Kila jioni Kisulisuli alitupa mkoba wake dukani kwa shangazi yake, fundi cherehani, akachukua mpira wa matambara alioshonewa na shangazi huyo, kisha mbio uwanjani. Jina hilo la utani, kwa jinsi alivyozunguka kama upepo, alilipata kwenye mguso, mchezo wa taifa lao. Unaukwepa mpira unaorushwa na wapinzani, na ukikugusa, unanyoosha mkono mwenyewe na kutoka. Refa hakuna, na kumsema mwenzako aliyeguswa ni mwiko.

Binamu yake, aliyekuja likizo kutoka ng'ambo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mchezo gani huu? Huko kwetu hakuna anayeujua!"

Maneno hayo yalimchoma Kisulisuli. Akaapa kumwonyesha kazi siku ya fainali ya kombe la mitaa.

Siku ilipofika, walibaki wawili tu: yeye na nahodha wa mtaa wa pili. Mpira ukaja, akazunguka, ukamgusa pindo la sketi. Kidogo tu! Mkono ulitaka kupanda, lakini alimwona binamu akishangilia, akaubana. Akaokota mpira, akarusha, ukamgusa nahodha begani. Nahodha akanyoosha mkono papo hapo.

Kisulisuli alibebwa juu juu, lakini wapi! Furaha ilikataa kabisa. Aliingia dukani na kombe, binamu nyuma yake.

"Mbona umejikunja kama shati lisilopigwa pasi?" shangazi akauliza.

Akaangua kilio, akasema yote. Shangazi akaacha kukanyaga cherehani. "Lirudishe sasa hivi, mwanangu."

Nahodha na wenzake walikuwa bado uwanjani. Kisulisuli aliwapa kombe, akakiri. Wote wakacheka.

"Tuliona," nahodha akasema. "Tulikuwa tunakusubiri."

"Na kama nisingekuja?"

"Kesho ungecheza na nani?"

Loo, alivyopumua! Wenzake wa mtaani walinuna kidogo, lakini yeye alirudi dukani mikono mitupu, akirukaruka.

Binamu, aliyekuwa amemfuata uwanjani, alikuwa bado anashangaa. "Shangazi, waliona na wakanyamaza?"

"Ndiyo. Mguso hauna televisheni wala wadhamini," shangazi akasema. "Umedumu tangu enzi za bibi yangu kwa sababu kila anayeucheza ni mlinzi wake. Dunia isiujue, si kitu. Tukianza kudanganyana sisi wenyewe, ndipo utakapokufa. Uaminifu wenu ndio unaouweka hai."

Binamu akakuna kichwa. "Basi nishonee na mimi mpira, shangazi. Nitarudi nao kwetu."

Kesho yake aliingia uwanjani, akaguswa kabla hajakwepa hata mara moja. Akanyoosha mkono juu kabisa, akicheka.