Kipimo cha Saa Sita Mchana

Kila Jumamosi mimi na mama tulisafisha trela letu. Yeye alisugua sinki na viti, mimi nikafagia nywele zilizojificha pembeni. Mama ni msusi, na trela hilo linalovutwa na pikapu yetu kuukuu ndilo saluni yake. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa maji ya moto. Hayo tulichemsha kwenye sufuria, na mteja alisubiri mpaka akasinzia.

Likizo ilipoanza, mama alipata kazi ya kuwaosha nywele wazee wa makao ya wazee, kila Jumanne saa moja asubuhi. Alifurahi hadi akaimba. Siku hiyohiyo tukaenda kwa Fundi, jirani yetu anayefunga mabomba na mitungi ya gesi, kutafuta hita ya kupasha maji.

"Yenye tangi usichukue," Fundi alisema. "Ni nzito, itakula nafasi ya kiti kizima. Chukua hii inayopasha maji yakiwa yanapita. Ukifungua bomba inawaka, ukifunga inazima. Ila ziko mbili, ndogo na kubwa, na kubwa inabugia gesi. Sitaki kukuuzia tembo kumbe unahitaji mbuzi."

"Sasa nitajuaje?"

"Kwa kupima. Kwa sinki lako, ndogo inaongeza nyuzi kumi na sita za joto. Maji ya kichwa yanataka kama nyuzi arobaini. Kwa hiyo niambieni, maji ya tangi lenu la juu ya trela yana nyuzi ngapi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijalipiga? Pimeni siku tatu." Akanikabidhi kipimajoto. "Kazi hii ni yako, mkaguzi."

Mkaguzi! Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Asubuhi ya kwanza mama aliniamsha akielekea sokoni. Nikasema, "Naamka," halafu nikavuta shuka. Nilipotoka kupima ilikuwa saa sita, na tangi jeusi juu ya trela lilikuwa limeota jua la kutosha. Nyuzi ishirini na nne. Nikaandika 24, na pembeni: asubuhi. Siku mbili zilizofuata sikujisumbua hata kutoka. Niliandika 25, kisha 24 tena, ili zisifanane sana. Jamani, hata uongo niliupamba!

Fundi alisoma karatasi yangu, akapiga hesabu. "Ndogo inawatosha kabisa," akasema, akaifunga.

Jumanne ikafika. Bibi wa kwanza, nywele nyeupe pe, alilaza kichwa kwenye sinki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeingoja siku hii wiki nzima."

Mama akafungua bomba. Hita ikawaka vizuri tu. Maji yalipomgusa, bibi akaruka.

"Mwanangu," alimwambia mama, meno yakigongana, "unaniosha au unaniamsha?"

Wazee waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mama hakucheka. Alimfunika bibi taulo mbili. Msimamizi wa makao alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Wazee wangu wakipata mafua," alisema, "kazi hii isahau."

Mama akampigia Fundi simu. "Umeniuzia kopo, wewe!" Sikuwahi kumsikia akisema na mtu hivyo.

Fundi alifika mbio na baiskeli yake. Alifungua hita, akakagua kila kitu, vyote vizima. Akavua kofia mbele ya msimamizi na wazee wote. "Nisameheni," alisema. "Labda mimi nimekosea hesabu. Nitaing'oa niirudishe."

Lo! Mtu mzima, anaomba radhi kwa kosa langu. Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini haikupasuka.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilipima saa sita mchana. Na siku mbili sikupima kabisa, nilitunga."

Fundi alichota maji ya tangi kwenye ndoo, akatumbukiza kipimajoto.

"Kumi na mbili," akasema. "Ongeza kumi na sita."

"Ishirini na nane," nilijibu, machozi yakinitoka.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alipunguza bomba hadi nusu. "Yakipita polepole yanashika moto zaidi. Mtachelewa, lakini leo mtamaliza. Kesho nafunga kubwa."

Mama alimwomba Fundi msamaha, kisha akanigeukia. "Ungeniambia umelala, ningekusamehe palepale, tungepima kesho yake. Lakini uliandika namba ya uongo. Fundi akaitegemea, nami nikaitegemea, na bibi wa watu akaleta kichwa chake. Mtu akikupa kazi ya kupima, mwanangu, anakuamini kama macho yake mwenyewe. Usimpofushe."

Nilitazama viatu vyangu.

"Mkaguzi!" bibi akaita kutoka kwenye kiti. "Njoo upime wewe kwanza."

Niliweka mkono chini ya bomba. "Yana moto, bibi."

"Una hakika?"

Nikachukua kipimajoto, nikangoja mpaka kikatulia, nikakisoma mara mbili. Ndipo nikamjibu.